Mtazame Asipokuona

Kaka yake alimsingizia. Tuanze hapo, maana wengine wakisimulia habari za mwanamke huyu huanzia kwa farasi, na farasi hakuwa na kosa lolote.

Baba yao alipokuwa kitandani, siku zake za mwisho, alimwita binti yake akamtia mkononi kamba ya kumfungia farasi. Akamwambia, "Huyu ni wako. Umemlea wewe." Kaka alikuwa amesimama mlangoni na alisikia kila neno. Baada ya maziko, dada akaenda kumuuguza shangazi yao aliyekuwa hajiwezi, akaiacha kamba imetundikwa msumarini. Aliporudi alikuta msumari mtupu na banda tupu. Farasi alikwisha kuhamishiwa kazini kwa kaka, anavuta gari la maharusi. Hilo angeweza kulimeza. Lililomkwama kooni ni maneno ambayo kaka alimwambia mama yao: kwamba binti yake alisema hataki mizigo ya mzee, akaitupa kamba chini, akaenda zake.

Mama akaamini. Kwa nini asiamini? Mtoto wa kiume alikuwa analia huku anasema.

Tangu hapo mama akipita kwa majirani alikuwa na wimbo mmoja: "Alimkataa farasi wa baba yake, leo anaosha wa watu." Na kweli alikuwa anaosha wa watu. Alipata kazi katika hospitali ya farasi, jengo refu la matofali lenye mabanda pande mbili na ushoroba katikati, sakafu imemwagiwa maranda ya mbao, na mwisho kabisa mlango mpana wa bati unaoingia chumba cha upasuaji. Hapo ndipo alipopewa jina la Mama Brashi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila brashi mfukoni. Akinywa chai, brashi. Akienda kuzungumza na mkubwa, brashi. Mwenzake wa kufagia, bwana mmoja mwembamba waliyemwita Kijiko kwa kuwa hakuna chungu asichokichungulia, alipenda kumtania.

"Mama Brashi, siku ya kufa wewe tutakuzika nayo."

"Wewe tutakuzika na ulimi wako, kama kaburi litatosha."

Walipendana sana wale wawili, kwa namna ya watu wasiopeana nafasi ya kupumua.

Mama Brashi hakusoma. Darasa alilipitia nje, akipeleka maji. Lakini farasi alimjua tangu baba yake anampakata juu ya gunia la pumba. Alimjua kwa harufu, kwa mlio wa kwato, kwa namna anavyotafuna. Na sheria ya kwanza aliyofundishwa na baba yake ilikuwa hii: usimjie farasi kimya kimya, utamshtua. Mjulishe kwamba unakuja. Kwa hiyo Mama Brashi akiingia kazini alianza kuimba tangu getini, wimbo usio na maneno wala mwisho, buti zake za mpira zikigonga sakafu kwap, kwap. Farasi wote walijua ni yeye kabla hajafika. Ila hawakujali. Walibaki na sura zao zile zile, za raha au za shida.

Sura hizo ndizo zilizokuwa kazi yao kubwa pale. Farasi akishapasuliwa hawezi kusema panapomuuma. Halii kama mbuzi, haguni kama ng'ombe. Mababu zake waliliwa porini na wanyama wakali, na aliyeonyesha udhaifu ndiye aliyeliwa wa kwanza, basi akajifunza kunyamaza. Inabidi asomwe usoni. Daktari, dada mmoja kijana mwenye miwani mikubwa na vidole virefu, alikuwa amebandika michoro ukutani penye ushoroba: uso wa farasi aliyetulia, uso wa mwenye maumivu kidogo, uso wa mwenye maumivu makali. Aliwafundisha wafanyakazi wote, hata Kijiko. Tazama masikio: yameelekea mbele, au yameanguka kando kila moja na njia yake? Tazama juu ya jicho: ni laini, au kuna mfupa uliochomoza kama kona ya meza? Taya limelegea au limekazwa? Pua ni ya mviringo au imebanwa? Halafu tazama mwili. Anakula? Anauangalia ubavu wake? Amegeukia ukuta kama mtoto aliyenuna?

"Msinipe habari za moyo wenu," daktari alikuwa akisema. "Nipeni habari za uso wake."

Na Mama Brashi alikuwa hodari. Wakati mwingine daktari aliongeza au kupunguza dawa ya maumivu kwa neno lake tu. Alikuwa akisema, "Yule wa mwisho kule sikio la kushoto limelala, daktari," na daktari alikwenda kupima na kukuta ni kweli. Walisaidiana hivyo, mmoja kwa macho na mwingine kwa vipimo, wala hakuna aliyejiona mkubwa. Daktari alimwita "mama", naye alimwita "mwanangu daktari", yote mawili kwa pamoja, ili asikosee heshima wala mapenzi.

Siku moja asubuhi lori likarudi kinyumenyume getini, na aliyeshuka upande wa dereva alikuwa kaka yake.

Walisimama wakitazamana. Alikuwa amenenepa shingo na kupungua nywele.

"Kumbe uko hapa," kaka akasema.

"Niko hapa kitambo. Kwani mama hakukwambia? Ndiye mtangazaji wangu."

Ndani ya lori kukawa na kishindo. Mlango ulipofunguliwa, Mama Brashi akamwona. Singa zimeingia mvi na jasho linamtiririka kama amemwagiwa ndoo, ananyoosha shingo kuliuma tumbo lake mwenyewe. Bwana Harusi. Jina hilo alipewa na baba yao tangu mtoto, kwa sababu alitembea na shingo juu kama kijana aliyeazima suti ya watu. Kuja kuvuta gari la maharusi ukubwani ilikuwa kejeli ya dunia tu.

Mama Brashi aliimba. Hakukusudia, sauti ilitoka yenyewe. Na farasi yule, katikati ya maumivu yale, akanyanyua masikio yote mawili, akanguruma chini chini kooni kama mtu anayesema: ulikuwa wapi wewe?

Utumbo ulikuwa umejisokota. Daktari alisema bila kupasua hafiki jioni. Kaka alikubali, macho mekundu, kofia mkononi. Mtu huyu hakuwa jiwe, tuseme ukweli hata kama ukweli huo hauna ladha. Utotoni alimbeba dada yake mgongoni kuvuka matope, na farasi yule alimpenda kwa namna yake. Ila alisema neno moja kabla hajaondoka:

"Mpasueni. Lakini akirudi kuumwa tena, msimchane mara ya pili. Sitaki kumwona anateseka. Mlazeni, apumzike."

"Kumlaza" pale hospitalini kulikuwa na maana moja, na kila aliyekuwa pale aliijua. Ni ile sindano ya mwisho.

Upasuaji ukaenda vizuri. Bwana Harusi akazinduka, akasimama kwa miguu inayotetemeka, tumbo limezungushiwa bandeji pana. Mama Brashi aliomba amhudumie yeye, na daktari akakubali, maana nani mwingine?

Kijiko alifurahi kuliko kawaida. "Haya, leo tumemwona bibi harusi! Kumbe miaka yote ulikuwa umeposwa hutwambii!"

"Nyamaza, Kijiko, mgonjwa anataka utulivu."

"Mgonjwa? Mtazame anavyokunusa mfukoni. Huyo anataka mahari."

Na kweli alikuwa akimnusa mfukoni. Kila Mama Brashi alipokuja, kwap kwap na wimbo wake, alimkuta Bwana Harusi amesimama mlangoni, masikio mbele, jicho limefunguka. Alimpiga brashi shingoni na mgongoni, akimsimulia habari zote alizozikosa: shangazi alivyopona kisha akafa kwa jambo jingine, na nyumba ya baba ilivyopakwa rangi mbaya. Farasi akamwegemezea kichwa begani. Akitoka hapo alipita kwa daktari akiwa na uso unaong'aa.

"Hajambo, mwanangu daktari. Hajambo kabisa. Masikio mbele, jicho laini. Anacheka."

Daktari akapunguza dawa ya maumivu, kama ilivyo desturi mgonjwa akiendelea vizuri. Kesho yake vile vile, hajambo. Lakini daktari alipoweka kile chombo cha kusikilizia mapigo ubavuni, akakunja uso. Mapigo yalikuwa juu. Na majani aliyowekewa hayakuguswa sana, yametawanywa tu.

"Mama," daktari akasema, "uso unasema hivi na moyo unasema vile. Mmoja anatudanganya."

"Labda ni furaha. Hajaniona miaka."

"Furaha haikimbizi moyo mchana kutwa." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, ishara kwamba anatafuta namna ya kusema kitu bila kuumiza. "Mama, unapomwendea unaimba."

"Baba alinifundisha hivyo. Asishtuke."

"Na akikusikia anafanya nini?"

Mama Brashi akatazama buti zake.

"Farasi wengine wakikusikia hawajali, ndiyo maana unawasoma vizuri," daktari akasema taratibu. "Huyu anajali. Hebu mtazame asipokuona."

Lilimchoma. Siyo kwa sababu alisahihishwa, maana wale wawili walisahihishana kila siku. Lilimchoma kwa sababu alijua papo hapo kuwa ni kweli, kama mtu anavyojua kuwa ameacha sufuria jikoni.

Pembeni ya banda la Bwana Harusi kulikuwa na stoo ya pumba, na kati yake ukuta wa mbao zilizoachana kidogo. Mama Brashi alivua buti zake nje, akaingia na soksi. Alimpa Kijiko brashi, na huyo Kijiko kwa mara ya kwanza maishani hakupata la kusema. Akasimama kati ya magunia, akaweka jicho kwenye upenyo, akajizuia hata kupumua kwa nguvu.

Mwanzo hakumwona. Kisha akamwona, pembeni kabisa, amegeukia ukuta. Yule aliyekuwa akimlaki mlangoni hakuwapo. Kichwa kilikuwa chini ya mabega. Sikio moja limeangukia huku, jingine kule, kama masikio ya farasi wawili. Juu ya jicho mfupa umechomoza, ile kona ya meza ya kwenye mchoro. Taya lilikazwa mpaka msuli ukasimama kama kamba. Alinyanyua mguu wa nyuma, akaushusha, akanyanyua mwingine. Akageuza shingo polepole kuutazama ubavu wake, akautazama kwa muda mrefu.

Ushorobani mtu alipita na ndoo. Bwana Harusi akasikia nyayo, akadhani ni Mama Brashi, akanyoosha kichwa, masikio yakaja mbele. Nyayo zikapita. Masikio yakarudi kuanguka.

Mama Brashi alijiziba mdomo kwa kiganja. Kumbe mapenzi yake ndiyo yaliyokuwa yanamnyima dawa mpenziwe.

Sasa tazama alivyobanwa. Akinyamaza, farasi ataoza ndani kwa ndani akimchekea. Akisema, kaka ataitwa, na kaka alikwisha kusema neno lake: akirudi kuumwa, mlazeni. Alikaa juu ya gunia na soksi zake zilizotoboka kidole, akafikiri kukimbia naye, wazo la kijinga, farasi mwenye nyuzi tumboni utamkimbiza wapi? Mwisho akanyanyuka, akaenda kwa daktari bila kuvaa buti.

"Anaumwa," akasema. "Anaumwa sana, mwanangu, na mimi ndiye niliyekudanganya."

"Hujanidanganya. Yeye ndiye aliyekudanganya wewe."

Walimfungua bandeji. Chini ya tumbo, pembeni ya mshono, palikuwa pamevimba na moto. Daktari akabonyeza kidogo, farasi akarusha mguu. Usaha, akasema daktari, uko chini ya ngozi, haujaingia ndani. Tumbo halina haja ya kufunguliwa. Zikatwe nyuzi chache za juu, usaha utoke, apewe dawa, pasafishwe kila siku. Tabu yake ni wiki kadhaa za uangalizi. Akamrudishia dawa ya maumivu ile ile saa ile. Lakini kisu, hata kiwe kidogo vipi, hakingemgusa bila ruhusa ya kaka mwenyewe, kwa sababu mwenyewe alikwisha kukataza.

Mwenyewe akaja mchana ule ule. Alipoingia ushorobani dada yake alikuwa ndani ya banda, na Bwana Harusi amesimama wima, pua mfukoni mwake.

"Huyu ndiye mgonjwa?" kaka akasema. "Mbona mzima? Mnataka kumchana bure? Na kama kweli anaumwa, nilisema nini? Mimi sina maneno mawili."

Daktari akafungua mdomo, lakini Mama Brashi akamtangulia. "Kaka. Vua viatu."

"Nini?"

"Vua viatu, unifuate. Na usiseme kitu hata kimoja, wewe hukujaliwa hilo lakini leo jitahidi."

Kijiko alikohoa kuficha kicheko. Sijui ni nini kilichomfanya kaka atii. Labda ni sauti ile, sauti ya baba yao. Alivua viatu. Wakaingia stoo, watu wazima wawili na soksi zao, wakasimama bega kwa bega mbele ya upenyo kama walivyokuwa wakichungulia wageni sebuleni utotoni.

Wakangoja. Farasi alisikiliza kwanza, akahakikisha ushoroba umenyamaza. Kisha akashusha vyote, kichwa, masikio, kope, akageukia ukuta wake.

Kaka alitazama mpaka kofia ikamdondoka.

"Tangu lini?" akanong'ona.

"Tangu alipozinduka."

"Na wewe hukujua? Wewe?"

"Akinisikia anajikaza."

Vumbi la pumba lilikuwa linaelea kwenye mwanga. Halafu akasema, macho bado kwenye upenyo:

"Kama wewe kwa mama."

"Unasemaje?"

"Ukija kwa mama unacheka mpaka jirani anasikia. Unamwambia hujambo, kazi nzuri, kila kitu kizuri. Anakuchoma yale maneno yake, unacheka. Ukitoka unasimama nyuma ya ukuta wa geti, unajifuta macho kwa mtandio. Mimi nakuona. Ukija huwa sitoki chumbani, lakini dirisha langu linatazama pale."

Mama Brashi alimgeukia. "Ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona."

"Miaka yote hii."

"Kila ulipokuja."

"Na ukarudi mezani, ukaendelea kula."

Upande wa pili wa mbao walisikia farasi anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Mwanamke yule alikuwa amezoea kufikiri kwamba kaka yake alimwumiza bila kujua anaumia kiasi gani, kama mtu anayekukanyaga gizani. Kumbe palikuwa na mwanga muda wote.

"Mwambie daktari amtibu," kaka akasema. "Afanye anachojua." Akaokota kofia yake. Mlangoni pa stoo, akivaa viatu bila kutazama juu, akaongeza, "Nitamwambia mama. Nitamwambia mzee alivyosema."

"Lini?"

"Nitamwambia."

Bwana Harusi alichanwa, usaha ukatoka, na uvimbe ukashuka. Mama Brashi sasa humtazama kwanza kwa upenyo, na soksi, ndipo avae buti na kwenda kuanza wimbo wake. Siku alipomkuta amesimama peke yake, hasikilizi mtu, masikio yamelegea na mdomo wa chini umening'inia kama wa mzee aliyesinzia kibarazani, alimwita daktari na Kijiko waje kuona. Walipangana watatu kwenye mbao zile. Kijiko akanong'ona, "Huyo ndiyo amepona. Bwana harusi akishazoea ndoa, hajipambi tena," na daktari akalazimika kutoka nje kucheka.

Hivi sasa yuko kwenye uwanja wa majani nyuma ya hospitali. Gari halivuti tena, daktari amekataza. Kaka alileta ile kamba ya baba siku moja, akaitundika kwenye msumari wa banda bila kusema, akaondoka. Ndiyo kusema amemrudisha? Hajasema. Mtu huyu anapenda misumari.

Na Mama Brashi juzi alikwenda kwa mama yake. Mama akauliza, "Hujambo?" Akafungua mdomo acheke kama kawaida, kicheko kikamgomea. Akasema, "Si sana, mama." Mama akaacha kuchambua mchele, akamtazama usoni, akamtazama tena, kama mtu anayemwona mgeni aliyefanana na mwanawe. "Una nini?" akauliza.

Hakumwambia. Neno lile la kamba si lake kulisema. Likitoka kinywani mwake litakuwa la mwanamke anayejitetea, na mama alikwisha kusikia jingine kutoka kinywa kilichokuwa kinalia. Kaka yake alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, na alisikia swali kama alivyosikia maneno ya baba yao. Hakutoka.

Hilo ndilo deni. Farasi hadaiwi, mama hadaiwi, marehemu alikwisha kutoa chake. Kaka anadaiwa kutoka kwenye chumba kile, kukaa mbele ya mama yao mchana kweupe, na kusema kwamba kamba haikutupwa. Mpaka leo hajasema.